Kiti cha Mzee Zedekia na Jiwe Lake

Kila Jumamosi jioni Ronah aliingia nyumbani kwao Nyamwamba, mjini Kasese, akinuka spiriti kuanzia vidoleni hadi viwikoni, na baba yake, Semu, alikuwa Mlokole. Na msidhani ni Mlokole wa Jumapili tu. Semu alikuwa ameokoka wiki nzima, mtu wa kukataa hata dawa ya kikohozi mpaka asome chupa pande zote. Sasa jiwekeni mahali pake. Binti amemaliza shule, ametafutiwa ukarani kwa shangazi yake Mbarara, ameukataa, anashinda Bwera kwa fundi seremala Mkongomani, na akirudi sebule nzima inanuka kama baa.

"Ni ya kazi, Baba," Ronah alisema kila mara.

"Hata walevi wana kazi," Semu alijibu, akaenda kufungua dirisha.

Na maskini, binti alikuwa anasema kweli. Yule fundi, Hilaire, mzee wa Kikatoliki aliyekimbia Butembo na msumeno mmoja na rozari, hakuwahi kuonja pombe hata ya harusi. Spiriti aliinunua kwa madumu ili kuyeyusha magamba membamba ya rangi ya asali ambayo ndiyo yaliyokuwa vanishi yake. Majirani wa Bwera walisema anakunywa kwa siri. Kunywa kwenyewe wangemsamehe, lakini mtu wa kununua dumu zima asimkaribishe mtu hata kikombe, huyo walimwona hana utu.

Alikuwa hapaki rangi kwa brashi kama mafundi wengine wa barabara ya Mpondwe. Alifunga donge la pamba ndani ya kipande cha shati kuukuu, akalichovya, akalizungusha juu ya mbao polepole, duara juu ya duara, akaacha ikauke, akarudia kesho yake na keshokutwa. Meza moja ilimchukua muda ambao jirani yake alitengeneza vitanda vya hosteli nzima. Akiulizwa kwa nini anachelewa, alisema, "Mbao iko nakunywa pole pole. Ukiiharakisha, itatapika."

Ronah alimjua kutokana na mafuriko. Mto Nyamwamba ulipopita ndani ya nyumba za watu bila kubisha hodi, watu walitupa nje makabati na meza zilizovimba, na Hilaire akaja na pikapu kuziokota. Ronah alimwona akinusa mlango wa kabati lao wenyewe, akatikisa kichwa, akaubeba. Baadaye Ronah akaenda Bwera kwa shughuli nyingine kabisa, akaukuta ule mlango umesimama kibarazani, mwekundu, wenye mistari ambayo hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba ipo. Ile shughuli nyingine hakuifanya. Alikaa pale mpaka jua likamchwea, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine duniani.

Semu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na hoja zake zilikuwa nzito kama mifuko yake ya saruji. "Hapa Kasese nani anataka kiti kizee?" aliuliza. "Watu wanataka sofa mpya zilizovimba kama mkate. Na hata ukikipiga msasa mwezi mzima, mama mwenye nyumba atakifunika vitambaa siku ya kwanza. Hiyo mistari yako ataiona nani?"

Ronah alitupa macho sebuleni, ambamo mama yake mwenyewe alikuwa amefunika kwa vitambaa vya kufuma kila kitu kilichokuwa na miguu, redio ikiwemo.

Basi siku moja Semu akachoka kufungua dirisha. Mwezi wa Desemba ukoo ulikuwa unakutana kijijini Nyakalengija kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu baba yake, Mzee Zedekia, na Semu, mtoto wa kwanza, alikuwa anakwenda kukalishwa kwenye kiti cha baba yake mbele ya watu. Akamwambia binti yake, "Chukua kiti cha babu yako. Kitengeneze. Ukikirudisha na Mukaka akakikubali, mimi nimenyamaza. Kaa Bwera mpaka uzeeke. Akikikataa, Januari uko Mbarara, na sitaki kusikia neno mbao tena nyumbani kwangu."

Ronah alikubali kabla baba yake hajamaliza kusema. Vijana bwana.

Mukaka ni bibi, na bibi huyu aliitwa Mbambu, mjane wa Zedekia. Ili mwelewe alichokuwa amekubali Ronah, lazima nanyi mjue kile kiti. Kilikuwa kiti cha mvule chenye mikono mipana, na kila mwaka kilikuwa kimeongezewa kitu. Moshi wa jikoni ulikipaka weusi. Zedekia alikipaka samli kila Krismasi. Mdogo wake Semu, Asanasio, alikipaka rangi ya geti, kahawia, siku askofu alipotarajiwa kupita, na askofu mwenyewe akapita bila kuingia. Juu ya yote hayo Mukaka aliweka vitambaa.

Lakini kiti hakikuwa maarufu kwa sura. Kilikuwa maarufu kwa ajili ya jiwe. Zedekia alipojenga nyumba ile kwenye mteremko, alikuta jiwe la mlima limechomoza kwenye sakafu, pale pale pa baba mwenye nyumba, mahali unapoona mlango, jiko na njia ya mbuzi kwa jicho moja. Mtu mwingine angehamisha kiti. Zedekia alichukua nyundo na tindo, akapigana na lile jiwe wiki nzima mpaka likalala sawa na sakafu, akatandika mkeka, akaweka kiti chake juu, akakaa. Miaka yote iliyofuata hadithi hiyo ililiwa pamoja na ugali katika nyumba ile. Mtoto akishindwa mtihani aliambiwa habari za jiwe. Siku ya mazishi mhubiri alilitaja jiwe kabla ya kutaja kwamba marehemu alibatizwa. Semu alipofungua duka lake na wateja wasije, alijisemea, mimi ni mtoto wa mtu aliyeshinda jiwe, akavumilia mpaka wakaja.

Kiti kilibebwa kwa gari kutoka Nyakalengija moja kwa moja hadi Bwera. Hilaire alikizunguka, akakinusa, akauliza swali lake la siku zote.

"Ulienda kuona fasi kiti inakaaka?"

Hiyo ilikuwa sheria yake. Hakugusa chombo cha mtu kabla ya kwenda nyumbani kwa mwenyewe, akakiona mahali kinapokaa, akakikalia hapo kitambo. Wateja waliamini kwamba mzee anafuata chai, na kweli chai alikuwa haikatai. Lakini alisema kwamba kiti nacho kina kwao, na usipokujua kwao utakitibu ugonjwa ambao hakina.

"Papa Hilaire, nyumba ile naijua hata nikifumba macho," Ronah alisema. "Likizo zote za utoto nimekulia mule."

"Nyumba, sawa, unaijua. Na kiti? We ulishaikalia?"

Hakuwahi. Hakuna aliyewahi, zaidi ya babu. Mtoto aliyekikaribia alipigwa jicho na Mukaka mpaka akakumbuka kazi aliyoachiwa nje. Lakini Nyakalengija ilikuwa mbali, Desemba ilikuwa karibu, na Ronah alikuwa na hamu ya kushika msasa. Akasema si lazima. Hilaire akainua mabega. "Ni kiti ya bababu yako. Miye nimenyamaza."

Ronah alianza na rangi ya geti, na aliitoa akimlaani Asanasio kimoyomoyo kwa kila kipande. Ikafuata samli, tabaka juu ya tabaka, Krismasi moja baada ya nyingine. Ikafuata moshi. Siku mbao yenyewe ilipojitokeza, ya dhahabu iliyokolea, Ronah alikaa chini akaiangalia, akaona raha ambayo hakujua amwambie nani. Ndipo akaanza na donge la pamba, duara juu ya duara.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Pale kwenye saruji ya karakana kiti kilicheza. Ukikigusa, ko, ukikiachia, ko. Ronah akakipindua akakuta mguu wa nyuma wa kushoto umepungua vidole viwili. Umekatwa vibaya, mshazari, kazi ya mtu mwenye haraka. Akajiambia kwamba mchwa walikula mguu, mtu akakata palipooza, akaacha hivyo hivyo. Moyo wake ukafurahi, maana hapo ndipo angeonyesha ufundi. Akatafuta kipande cha mvule chenye mistari inayoelekea upande ule ule, akakiunga kwa mshazari, akakibana kwa gundi, akakipiga msasa na kukipaka mpaka mwenyewe akawa anakitafuta kiungo kwa ukucha.

Hilaire alivaa miwani yake akapiga magoti. Alikaa hapo muda mrefu. Mwishowe akasema, "Niko naona mguu tu. Kiungo siioni."

Kwa Hilaire hiyo ilikuwa sifa ya kutosha mwaka mzima. Ronah hakulala vizuri kwa furaha. Hebu mwacheni afurahi, maana alikuwa amebakiza siku chache tu za kufurahi.

Kiti kilisafiri hadi Kasese juu ya Fuso la vitunguu, kimefungwa mablanketi, na kutoka hapo kikapandishwa Nyakalengija kwenye bodaboda, miguu juu, na mwenye boda akilipwa matusi kila alipopiga shimo. Ronah alikiingiza ndani mwenyewe. Ukoo ulikuwa umejaa, wajomba na shangazi, wazee wa kanisa, wanawake kutoka Munkunyu kwa kina Mukaka. Nje mbuzi alikuwa jikoni. Mukaka aliondoa kikapu cha mahindi ambacho alikuwa amekiweka pale kwenye mkeka tangu kiti kiondoke, ili mtu asikanyage mahali pa mumewe, akasimama kando na fimbo yake. Ronah akavuta blanketi.

Jua la mlangoni lilikuwa limeangukia mkono wa kiti, na mbao ikawa kama ina taa ndani. Ronah alimwona baba yake akifuta kiganja kwenye suruali kabla ya kukigusa, akajua kwamba Mbarara imekufa.

Asanasio akainama, akaona uso wake mwenyewe kwenye mkono wa kiti, akarudi nyuma. "Hiki ni kipya," alisema.

"Ni kile kile, Baba mdogo."

"Kiti cha baba kilikuwa cheusi."

"Ulikuwa moshi."

"Kilikuwa kahawia."

"Ilikuwa rangi yako ya geti."

Asanasio aligeukia watu. Yeye alikuwa mpagazi wa kupandisha mizigo ya wageni mlimani, na kazi hiyo ilikuwa imempa ujuzi juu ya wazungu ambao hakuwa mchoyo nao. "Mimi nawajua wazungu," alisema. "Ukimpa mzungu kitu kipya hataki. Mpe chenye masizi na mavi ya kuku, anakifunga kwa plastiki anapanda nacho ndege. Huyo Mkongomani ameuza kiti cha baba, akampa mtoto wetu hiki cha dukani. Na mtoto wetu hajui, kwa sababu anashinda kwenye pombe."

"Si pombe," Ronah alisema, na bahati mbaya alikuwa karibu na mzee mmoja wa kanisa, ambaye alivuta hewa, akamtazama kwa huruma.

"Yatosha," Semu alisema. "Mama ndiye anakijua. Mama akikalie."

Mukaka hakuwa mtu wa maneno. Alipapasa mgongo wa kiti, akapapasa mikono yake, na uso wake ukalainika, Ronah aliuona. Akakisukuma mpaka mahali pake juu ya mkeka, pale pale pa siku zote. Akageuka, akashika mikono, akakaa.

Ko, kiti kikasema.

Mukaka akasogeza makalio. Ko. Akaegemea mbele. Ko.

"Hiki siyo," alisema.

"Mukaka," Ronah alisema.

"Nimekaa na kiti cha mume wangu tangu sina mvi. Nimekisikia kikikaliwa asubuhi na jioni. Hakijawahi kusema hata siku moja." Akapapasa tena mkono wa kiti. "Hiki ni kizuri, mjukuu wangu. Lakini siyo."

"Labda ni sakafu," shangazi mmoja alisema.

"Sakafu ipi?" Asanasio aliuliza, na hapo alikuwa na haki kabisa. "Sakafu hiyo Baba aliisawazisha kwa mikono yake. Nani hapa hajui? Kama kuna mahali sawa katika mlima huu wote, ni hapo alipokaa. Sakafu iko sawa, kwa hiyo kiti ndicho kibaya."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Semu hakumgombeza binti yake. Ingekuwa nafuu angemgombeza. Alimwangalia tu kwa uchovu, akasema polepole, "Nitampigia shangazi yako Jumatatu."

Ronah akapiga magoti. Hakuwa anaomba. Alitaka tu kuona mguu wake, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, umekosea wapi. Mukaka akanyanyuka, Ronah akainamisha kiti, akainua ncha ya mkeka, akapitisha kiganja sakafuni.

Jiwe lilikuwa pale.

Halikulala wala halikusawazishwa. Lilikuwa limekaa kwenye sakafu kama goti la mtu aliyelala chini ya blanketi, na juu yake kulikuwa na mikwaruzo michache ya tindo, michache kabisa, kazi ya asubuhi moja na hasira. Urefu wake ulikuwa vidole viwili. Miaka yote hiyo mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umesimama juu yake, na nani anapitisha mguu chini ya kiti cha mwenye nyumba?

Ronah akakumbuka ule mkato wa mshazari. Haukuwa wa mchwa. Babu alipoona jiwe halikatiki, alikata kiti.

Basi hapo alipopiga magoti binti wa watu alikuwa na wokovu wake chini ya kiganja. Angesema neno moja tu, njooni mguse, na kila mtu angejua kwamba kiti ni chenyewe, kwamba hakuna kiti kingine duniani ambacho kingeweza kukaa mahali pale. Angerudi Bwera kesho. Lakini juu yake ukoo mzima ulikuwa umesimama kwa nguo za sherehe, umekuja kumshukuru Mungu kwa mtu aliyeshinda jiwe. Baba yake alikuwa pale, aliyefungua duka kwa jina la jiwe lile, na baada ya nusu saa alikuwa anakalishwa juu yake. Ronah alikasirika kwelikweli. Alimkasirikia babu, tena marehemu, tena siku yake.

Akaacha mkeka uanguke.

"Naomba nibaki na Mukaka peke yake," alisema. "Kiti kimechoka na safari. Nitakirekebisha."

"Atabadilisha tena," Asanasio alisema.

"Nitakitolea wapi kingine, Baba mdogo? Mfukoni?"

Watu wakacheka, na kwa kuwa harufu ya mbuzi ilikuwa inaingia mlangoni, hawakuhitaji kubembelezwa kutoka. Ronah akafunga mlango. Akaushika mkono wa bibi yake, akaushusha mpaka chini ya mkeka, akauweka juu ya jiwe.

Mukaka alilipapasa. Alilipapasa huku, akalipapasa huku.

"Aliniambia niende kwa mama yangu Munkunyu," Mukaka alisema mwishowe. "Wiki nzima. Alisema vumbi la mawe litaniumiza kifua." Akakwaruza jiwe kwa ukucha. "Nilirudi nikamkuta amekaa. Alikuwa amefunga kitambaa kidoleni, anasema, mke wangu, limekubali. Nikachinja kuku."

"Pole, Mukaka."

"Kuku wa mayai," Mukaka alisema. "Wa mayai, Ronah. Na firigisi nikampa yote."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Ronah akadhani analia, akamkumbatia, ndipo akaona kwamba bibi anacheka. Alicheka bila sauti, ameziba mdomo kwa ncha ya gauni lake la gomesi ili wasimsikie nje, machozi yakimtoka, na Ronah naye akashikwa na kicheko, wakabaki wameegemeana sakafuni mbele ya kiti kama watoto kanisani.

"Mwongo," Mukaka alisema, akipangusa macho, kwa sauti ambayo Ronah hakuwahi kuisikia akiitumia kwa mtu yeyote aliye hai. "Mwongo huyo. Sasa fanya haraka."

Ronah akatoa msumeno mdogo kwenye mfuko wake. Alikipindua kiti, akautafuta mguu, akakitafuta kiungo kwa ukucha, na kwa muda hakukiona. Roho ilimuuma, si mchezo. Kile kilikuwa kitu pekee katika kiti kile ambacho Hilaire alikuwa amekisifu. Akakata. Kipande kikaanguka mkekani, kidogo, kinang'aa, na Mukaka akakiokota kabla Ronah hajakigusa, akakifunga kwenye mshipi wa gomesi yake.

Wakakiweka kiti mahali pake. Mukaka akakaa, akaegemea mbele, akaegemea nyuma, akajitupa kwa nguvu zake zote chache. Kiti hakikusema kitu.

Watu walirudi ndani wakilamba vidole. Mukaka alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mikono ya kiti. "Ndicho," alisema. Asanasio alitaka kukitikisa, akakitikisa na mama yake juu, akabaki kunung'unika kwamba hata hivyo kinang'aa mno kwa nyumba ya Wakristo.

Lakini Semu alikuwa amemvuta Ronah pembeni. "Umefanya nini?"

"Nimepunguza mguu, Baba."

"Kwa hiyo ulikuwa umekosea."

Ronah alimtazama baba yake, aliyenyoa vizuri na kuvaa tai kwa ajili ya babu. Angependa sana kumweleza. "Ndiyo," alisema. "Sikwenda kukiona mahali kinapokaa kabla ya kuanza. Papa Hilaire aliniambia. Nilikosea."

Semu akavuta pumzi. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno lake lilikuwa juu ya kazi kukubaliwa, si juu ya kazi kurekebishwa mara mbili. Alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo kwa upole, Ronah aliona, na Mbarara ikafufuka mbele ya macho yake.

"Semu," Mukaka aliita kutoka kitini. "Mnanong'ona nini? Huyo anarudi Bwera. Ana kitanda changu cha kutengeneza."

"Mama, kitanda chako hakina ubaya."

"Kitanda hicho nacho alikitengeneza baba yako," Mukaka alisema. "Nataka mjukuu wangu akikague kila mguu. Na kabati. Na mlango. Na atakuja kuviona hapa hapa vinapokaa kabla hajashika msumeno. Umesikia?"

Semu, baba wa watu, mwenye duka, mzee mtarajiwa wa ukoo, alisema, "Nimesikia, Mama." Kisha akamgeukia Ronah. "Lakini hiyo harufu," alisema.

"Nitanawa Bwera kabla ya kuja, Baba."

"Unawe mara mbili."

Wakamwinua Mukaka, wakamkalisha Semu. Mzee wa kanisa aliomba sala ndefu, na Ronah aliisikiliza sala yote akiwa amekazia macho mguu wa nyuma wa kushoto. Haukutikisika. Sahani zikaletwa, na kama ilivyokuwa lazima, mtu akasema, Asanasio, waeleze hawa watoto habari za jiwe. Asanasio akasahau wazungu papo hapo. Alisimama katikati ya chumba na mfupa wa mbuzi mkononi, akawa nyundo, akawa tindo, akawa jiwe lenyewe. Alisema Baba alipiga wiki nzima bila kulala, kwamba siku ya mwisho cheche ziliruka mpaka darini, kwamba jiwe lilipopasuka mlima mzima uliitikia.

"Ni kweli, Mukaka?" mjukuu mmoja mdogo aliuliza, kwa kuwa cheche mpaka darini zilimtia shaka. "Ulikuwepo?"

Watu wakamgeukia Mukaka. Naye alikuwa ameketi mkekani miguuni pa Semu, sahani mapajani, mkono mmoja umebonyeza mshipi wa gomesi. Alimtafuta Ronah kwa macho mpaka akampata.

"Nilikuwepo," alisema. "Lilipopasuka lilipiga kelele, mimi mwenyewe nililisikia, ndiyo maana nilimchinjia kuku."

Akachukua kipande cha nyama, akaendelea kula.